KURUDI NYUMBANI SI KUPONA
Familia na mgonjwa wa operesheni ya siku moja

Familia nyingi zikiambiwa kwamba mgonjwa wao atafanyiwa operesheni asubuhi na jioni atarudi nyumbani, hufurahi. Wana haki ya kufurahi. Hakuna gharama ya kitanda, hakuna kupika na kubeba vyombo kwenda wodini, wala hakuna ndugu wa kulala barazani mwa hospitali wiki nzima. Lakini furaha hiyo huzaa kosa moja ambalo sisi wauguzi tunakutana nalo mara kwa mara. Watu husema: "Kama amerudi leo leo, basi kilikuwa kitu kidogo." Kesho yake mama anajitwika ndoo, baba anashika jembe, na baada ya siku chache tunawaona tena mlangoni, mshono umefumuka au kidonda kinatoa usaha.

Mwezi huu tunapenda jambo hili lieleweke vizuri. Operesheni ya siku moja ni operesheni kamili. Kisu ni kile kile, kidonda ni kile kile, na mwili unahitaji siku zile zile za kupona. Kilichobadilika ni mahali pa kumwuguza mgonjwa. Nyumba yenu ndiyo wodi, na ninyi ndio wauguzi. Ndiyo maana makala hii hatumwandikii mgonjwa peke yake, tunaiandikia familia nzima.

NI OPERESHENI ZIPI?

Katika hospitali zetu, zinazofanywa mara nyingi kwa mtindo huu ni ngiri, mabusha, tohara, uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na mtoto wa jicho. Si kila mwenye ugonjwa huo anaweza kurudi siku hiyo hiyo. Mwenye presha isiyotulia, mwenye ugonjwa wa moyo, mtoto mchanga sana, au anayeishi mbali mahali ambapo gari halifiki usiku, daktari anaweza kuamua alazwe. Akiamua hivyo msibishane naye.

Mtindo huu haukuanza jana. Mwaka 1909 daktari mmoja wa Glasgow, Uskoti, aitwaye James Nicoll, alieleza habari za operesheni 8,988 alizofanya kwa miaka kumi, ambapo watoto walirudishwa kwa mama zao bila kulazwa. Wengi wao walikuwa wadogo sana, na ngiri ilikuwa miongoni mwa magonjwa aliyowatibu. Aliona kwamba mtoto hutulia zaidi mikononi mwa mama yake kuliko wodini. Lakini hakuwaacha hivi hivi. Wauguzi waliwafuata majumbani kuwaangalia. Tangu mwanzo, basi, operesheni ya siku moja imesimama juu ya miguu miwili: hospitali na nyumba. Mguu mmoja ukilegea, mgonjwa huanguka.

SIKU ZA KABLA: SEMENI KILA KITU

Siku ya kuandikishwa, njooni na kadi zote za zamani na dawa zote anazotumia mgonjwa. Msitutajie rangi ya kidonge, leteni pakiti yenyewe. Tunataka kujua kama ana presha, kisukari, pumu, kifafa, selimundu au kifua kikuu. Kama anatumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Kama kuna dawa inayowahi kumletea vipele au kumvimbisha uso. Na kama yeye au ndugu yake wa damu amewahi kupata shida akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mwanamke aseme kama anaweza kuwa mjamzito. Na dawa za miti shamba zitajwe bila aibu. Hatuulizi ili tuwagombeze, tunauliza kwa sababu baadhi yake huzuia damu kuganda au hushusha presha ghafla.

Asiwepo wa kuacha dawa zake kwa kujiamulia. Kwa kawaida dawa za presha, za kifafa na za VVU huendelea, ila dawa nyingine za presha husimamishwa asubuhi ile. Mwenye kisukari aulize maalumu habari za asubuhi ya operesheni, kwa maana kuchoma insulini kama kawaida huku hujala ni hatari kubwa. Mwenye kutumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda naye aulize mapema, si siku yenyewe.

Mtoto akipata homa au kikohozi siku mbili tatu kabla, tupeni taarifa. Mara nyingi operesheni huahirishwa, na ni kwa faida yake.

Wenye kusubiri operesheni ya ngiri tunawaonya jambo moja. Ngiri ikiwa ngumu, ikauma sana, ikakataa kurudi ndani, na mgonjwa akaanza kutapika, msingojee tarehe mliyopewa. Utumbo umebanwa na unaweza kuoza kwa muda wa saa chache. Njooni hata kama ni usiku wa manane. Na kwa akina mama: kitovu kilichotokeza kwa mtoto mchanga mara nyingi hujifunga chenyewe kabla hajafikisha miaka 4 au 5. Kumfunga sarafu hakusaidii, kunamchubua ngozi. Lakini ngiri ya kinena ya mtoto haijifungi yenyewe; hiyo ni ya kuletwa hospitali.

Wanaume wengine wameogopa waliposikia kwamba atawekewa wavu ndani ya mwili. Wavu ule huimarisha ukuta wa tumbo uliolegea, ili ngiri isirudi. Huko mashariki mwa Uganda wanaume 302 walifanyiwa operesheni hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Nusu yao waliwekewa wavu wa bei kubwa, na nusu wavu wa bei nafuu wa aina ya kitambaa cha chandarua, uliotayarishwa na kuuawa vijidudu. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana kati yao. Basi msiogope wavu. Ila msije na chandarua cha kitandani mkononi!

ANDAENI NYUMBA

Kabla ya kuondoka, hakikisheni mambo haya:

1. Mtu mzima mmoja wa kumsindikiza na kukaa naye usiku wa kwanza. Mtoto wa darasa la nne si msindikizaji.
2. Usafiri wa kurudia. Bodaboda kwa mtu mwenye mshono wa kinena, katika barabara zetu za makorongo, ni adhabu. Kama hakuna gari, au nyumba ni mbali sana, afadhali alale kwa ndugu aliye karibu na hospitali.
3. Shuka na nguo za ndani zilizofuliwa, zikakauka juani na kupigwa pasi.
4. Maji ya kutosha, sabuni, na chakula cha siku mbili tatu, ili mgonjwa asije akawa yeye wa kwanza kuulizwa: "Leo tunakula nini?"
5. Mpango wa kazi. Nani atateka maji? Nani atakata majani ya ng'ombe? Nani atapeleka watoto shule? Haya yakubaliwe kabla, tena mbele ya mgonjwa mwenyewe, ili alale akiwa na amani.
6. Namba ya simu ya hospitali iliyoandikwa kwenye karatasi. Simu huisha chaji.

Ulizeni pia gharama zote, pamoja na dawa za kwenda nazo na siku za kusafisha kidonda, ili msikwame katikati. Na fomu ya ridhaa isitiwe sahihi kabla hamjaelewa kinachofanywa. Kuuliza si utovu wa adabu.

USIKU WA KUAMKIA OPERESHENI

Mgonjwa aoge mwili mzima kwa maji na sabuni, avae nguo safi. Asijinyoe kwa wembe mahali pa operesheni. Wengi hudhani wanatusaidia, kumbe wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo ni mlango wa vijidudu. Kama kuna haja ya kupunguza nywele, sisi wenyewe tutafanya kwa mashine yake. Rangi ya kucha itolewe, na hina isipakwe vidoleni siku hizo, kwa sababu kifaa tunachokibana kidoleni kupima hewa ya damu huweza kudanganywa na rangi. Pete, hereni, cheni na rozari apewe msindikizaji. Meno ya bandia yatolewe.

KUFUNGA KULA: HAPA TUNAOMBA UKWELI

Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi, ile tuliyozoea kuiita nusu kaputi, koo lake hulegea. Chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hilo huweza kumwua mtu mwenye afya njema kabisa. Hata anayepigwa ganzi ya mgongo hufunga, maana pengine hulazimu kubadilisha na kumlaza usingizi.

Utaratibu wa kawaida ni huu: chakula, uji, togwa au maziwa ya ng'ombe, mwisho saa 6 kabla ya operesheni, na chakula kizito chenye mafuta mwisho saa 8, maziwa ya mama, mwisho saa 4, maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa, mwisho saa 2. Kwa mfano, operesheni ikiwa saa 3 asubuhi, mtu mzima ale chakula cha jioni alale, asiamke kula tena. Mtoto anyonye mara ya mwisho saa 11 alfajiri. Na maji yakome saa 1 asubuhi. Hospitali yenu ikiwapa saa nyingine, fuateni za hospitali. Wala msizidishe. Kumkausha mtoto tangu jana yake mchana si utii, ni kumdhoofisha. Ulanzi na pombe yoyote viachwe tangu siku ya kabla.

Bibi mmoja alimwonea huruma mjukuu wake wa miaka mitatu aliyekuwa analia njaa kwa baridi ya mwezi wa sita, akampa uji kikombe kimoja gizani. Walipofika mlangoni mwa chumba cha operesheni, tulipouliza tena, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Amekunywa uji." Mama wa mtoto alikasirika, nauli ilikuwa imeliwa. Mtoto alifanyiwa operesheni siku iliyofuata na akarudi nyumbani salama. Tunasema wazi kwamba bibi yule, kwa maneno yale mawili, aliondoa hatari ambayo sisi tusingeweza kuiona kwa macho. Kama mgonjwa amekula, semeni. Kuahirisha ni hasara ya nauli tu.

SIKU YENYEWE

Mtashangaa kuona tunauliza jina la mgonjwa, aina ya operesheni na upande wa mwili, tena na tena, kila mtu kwa zamu yake. Si kwamba tumesahau. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kisu kugusa ngozi, na maswali hayo yamo. Jibuni kila mara, na kama upande uliowekewa alama si wenyewe, pigeni kelele.

Baada ya operesheni hatumruhusu mtu kwa sababu tu amefumbua macho. Tunataka awe macho kweli kweli, awe anakunywa bila kutapika, anatembea, maumivu yanavumilika, kidonda hakivuji damu, na msindikizaji wake yupo. Aliyefanyiwa operesheni ya kinena, au aliyepigwa ganzi ya mgongo, tunapenda pia akojoe kwanza. Msitusukume kwa sababu basi la mwisho linaondoka.

SAA 24 ZA KWANZA

Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi huonekana mzima, anaongea na kucheka, lakini akili na mikono bado ni mizito. Kwa saa 24 asiendeshe pikipiki wala baiskeli, asiachiwe moto wa jikoni peke yake, asibebe mtoto mchanga bila mtu karibu, asinywe pombe, na asitie sahihi makubaliano yoyote, iwe ya shamba au ya mkopo. Mama anayenyonyesha, kwa kawaida anaweza kunyonyesha mara anapokuwa macho na ana nguvu ya kushika mtoto. Aulize tu kuhusu dawa alizopewa.

Aanze na maji na chai, kisha chakula cha kawaida. Atembee kidogo ndani ya nyumba siku hiyo hiyo, kwani kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Akikohoa au kupiga chafya, abane kidonda kwa kiganja au kwa mto mdogo.

Dawa ya maumivu apewe kwa saa zake, bila kungojea maumivu yapande. Mtu mzima wa uzito wa kawaida, parasetamo ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Msiongeze nyingine ya dukani, maana dawa nyingi za mafua na maumivu zina parasetamo ndani yake, na ikizidi huharibu ini. Mwenye vidonda vya tumbo asinywe ibuprofeni wala diklofena bila ushauri. Mtoto apewe kwa kipimo cha uzito wake, na asipewe aspirini.

KIDONDA

Kidonda kikae kikavu na kimefunikwa kwa siku 2 za kwanza, au kama mlivyoagizwa. Anayekigusa anawe mikono kwa sabuni kwanza, kila mara. Baada ya hapo, kwa kidonda kilichoshonwa vizuri, maji safi na sabuni yanatosha. Akaushe taratibu kwa kitambaa safi, asisugue.

Tunaomba sana: pasipakwe majivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya kupikia wala dawa ya meno. Msipasue kapsuli na kunyunyizia unga wake. Na ile desturi yetu ya kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto, iacheni mbali na mshono. Joto huongeza uvimbe na damu, na kitambaa kibichi huingiza vijidudu.

Kuvimba kidogo na kuvilia damu chini ya ngozi ni kawaida. Aliyetolewa ngiri au mabusha anaweza kuona korodani zimevimba na kuwa nyeusi nyeusi siku za kwanza. Avae chupi ya kubana ili zishikiliwe. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe. Nyingine hutolewa, za tumbo na kinena kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14, na hazitolewi nyumbani kwa wembe.

Aliyetolewa mtoto wa jicho asilisugue, asiingize maji machafu, asikae kwenye moshi wa jikoni, na atie matone kama alivyoelekezwa. Jicho likianza kuuma sana, kuwa jekundu au kupoteza mwanga, arudi siku hiyo hiyo.

Kuhusu chakula, wapo wanaomkataza mgonjwa mayai, samaki au maharage, ati yataleta usaha. Si kweli. Hivyo ndivyo vinavyojenga nyama ya kufunga kidonda. Apate pia mboga, papai au machungwa, na maji mengi, ili choo kiwe laini. Kujikamua chooni huvuta mshono. Kwenye choo cha shimo, kiti kilichotobolewa katikati humsaidia sana aliyeshonwa kinena.

NDOO NA JEMBE

Ndoo moja ya maji ni lita 20, yaani kilo 20. Ngozi hufunga kwa siku chache, lakini chini yake nyama bado ni changa. Kwa operesheni ya ngiri au ya tumbo, ndoo, jembe, mzigo wa kuni, gunia la viazi na kupasua magogo vingoje wiki 4 hadi 6, au zaidi kama daktari atakavyosema. Kazi ndogo za kukaa zinaweza kuanza mapema. Kwa wanandoa, tendo la ndoa lingoje mpaka maumivu yaishe; aliyetahiriwa angoje wiki 6 kamili.

Akina baba, tunaongea nanyi hasa. Mama aliyeshonwa hatasema kwamba amechoka. Atainuka alfajiri kuwasha moto kwa sababu hakuna mwingine aliyeinuka. Inukeni ninyi. Na akina mama, wanaume wenu nao huona haya kuonekana wamekaa wakati mvua za kulimia zimeanza. Waambieni kwamba shamba likikosa palizi moja hasara yake ni ya msimu mmoja, bali ngiri ikirudi wataingia tena chumba cha operesheni, na mara ya pili kazi huwa ngumu zaidi.

Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kusaidia sana. Badala ya watu kumi na watano kuja siku moja, wote wakamshika mgonjwa mkono na kumkesha kwa mazungumzo, gawaneni zamu. Leo mmoja alete maji, kesho mwingine kuni, siku ya tatu mtu alime saa mbili shambani kwake. Hiyo ndiyo ziara inayoponya.

RUDINI HOSPITALI MARA MOJA IKIWA:

- Damu inalowanisha bandeji na haikomi baada ya kukandamiza dakika 10;
- Homa imefika nyuzi 38 au zaidi, au anatetemeka;
- Wekundu unaenea, kidonda kinanuka au kinatoa usaha;
- Maumivu yanaongezeka badala ya kupungua siku hadi siku;
- Hajakojoa kwa saa 6 hadi 8 ingawa anakunywa;
- Anatapika bila kukoma, au tumbo limejaa na kuwa gumu;
- Mguu mmoja umevimba na kuuma, au anapumua kwa shida;
- Kichwa kinauma sana akikaa na kutulia akilala, baada ya ganzi ya mgongo;
- Ana usingizi usio wa kawaida, hasa mtoto.

Msipitie kwanza duka la dawa, wala msingojee siku ya kliniki. Dalili hizi zikiwahiwa, nyingi hutibika kwa urahisi. Na mkija, msifiche mlichopaka wala kazi aliyofanya mgonjwa. Tukijua, tunajua pa kuanzia.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hospitali inaweza kumtoa mtu siku moja, lakini mwili hauna operesheni ya siku moja. Uwekeni ukurasa huu mahali pa kuonekana, maana wiki ijayo anaweza kuhitaji jirani yenu. Kwa leo tunaishia hapa. Tuonane toleo lijalo, na wagonjwa wote walioko majumbani wapate nafuu.